Pikapu ikilala na tela, shusha mguu wa tela
Ukiegesha pikapu usiku kucha na tela lenye mzigo, shusha mguu wa mbele wa tela mpaka uone nyuma ya gari imeinuka kidogo. Kidogo tu. Uzito uliokuwa umekalia springi za nyuma za gari unahamia ardhini, nazo hazikeshi zimebonyea. Zilizozeeka ndizo zinazofaidika zaidi. Usiinue mno: handibreki ya pikapu nyingi hushika magurudumu ya nyuma, na yakikosa uzito yanateleza. Ndiyo maana mteremkoni usifanye hivi kabisa, kaba tu matairi kwa mawe. Penye mchanga tandika kipande cha ubao mnene, la sivyo mguu unazama na kazi ni bure. Asubuhi pandisha mguu kwanza kabla ya kuondoka, ukiburuzwa unapinda.