Kupima hewa ya ukaa inayotoka kwenye udongo wa msitu

Katika msitu kama wa Amani, Usambara Mashariki, kipimo cha hewa ya ukaa (CO2) peke yake hakielezi kitu. Kila unaposoma gesi, andika pia joto la udongo, unyevu wake, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Gesi hiyo hutolewa na mizizi inayopumua, na bakteria na kuvu wanaoozesha majani. Chini ya kivuli joto la udongo halipandi wala kushuka sana, kwa hiyo mara nyingi maji ndiyo yanayoamua.

Kata bomba la PVC la kipenyo cha sentimita 20 upate pete za urefu wa sentimita 10. Noa ukingo wa chini, kisha zikite sentimita 3. Ukizizamisha zaidi unakata mizizi midogo na vipimo vinashuka. Weka angalau pete 10, ukizitawanya, kwani karibu na kichuguu au shina kubwa matokeo hutofautiana mno. Ng'oa miche iliyo ndani, majani makavu yaache. Subiri wiki nzima, maana udongo uliotibuliwa hutoa gesi kupita kawaida.

Funika pete kwa kifuniko chenye kihisio cha CO2, feni ndogo na tundu jembamba la kusawazisha kanieneo. Soma kila sekunde 5 kwa dakika 2 hadi 3, utupe sekunde 30 za mwanzo. Usikanyage kando ya pete: uzito wako hukamua hewa iliyomo udongoni.

Zidisha ongezeko la CO2 (ppm, yaani sehemu kwa milioni, kwa sekunde) kwa kimo cha hewa iliyofunikwa (mita), kisha kwa moli (kipimo cha wingi wa chembe) za hewa katika mita moja ya ujazo. Kwenye mwinuko wa mita 900 na joto la nyuzi 22, moli hizo ni kama 37, si 41 za usawa wa bahari. Mfano: 0.5 × 0.15 × 37 = mikromoli 2.8 kwa mita ya mraba kwa sekunde.

Joto lipime kwenye kina cha sentimita 5. Kwa unyevu, chukua udongo nje ya pete kwa kopo lenye ujazo unaojulikana, upime uzito, ukaushe kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Kwa kawaida udongo hutoa gesi nyingi zaidi maji yakijaza takriban asilimia 60 ya matundu yake. Ukikauka, vijidudu hudumaa. Ukilowa chepechepe, oksijeni haiingii, na CO2 hupenya majini polepole kuliko hewani mara kama 10,000. Kwa hiyo usilazimishe mstari ulionyooka kwenye grafu ya unyevu, tarajia mlima.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ipangie ratiba yake. Mtafiti wa udongo H. F. Birch, akifanya kazi Muguga, Kenya, alieleza mwaka 1958 jinsi udongo uliokauka unavyofumka gesi ukiloweshwa. Pima kabla ya mvua, saa chache baadaye, kisha kila siku mpaka vipimo vitulie, na siku hizo uzihesabu kando; ukizichanganya na siku za kawaida, wastani wa mwaka utakuwa mkubwa kuliko ukweli.