Kijana Akianza Kutumia Dawa za Kulevya: Hatua za Mzazi wa Mombasa

Wengi wetu tulikua tukimtambua teja, yaani mraibu, kwa kusinzia vibarazani, na kwa sababu hiyo bado tunatafuta dalili za unga, yaani heroini, ilhali kijana wa miaka 15 siku hizi huanzia kwengine kabisa: kwenye muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, unaonunulika kwa pesa za kula shuleni, kwenye kuber, tumbaku inayobanwa mdomoni, na kwenye vidonge vya usingizi ambavyo hapa kwetu huitwa bugizi. Serikali ya Kaunti ilipiga marufuku muguka Mei 2024, lakini Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo baada ya siku chache tu, kwa hiyo ulinzi wa kwanza umebaki nyumbani.

Usianze kwa kunusa nguo, kwa kuwa vidonge havina harufu. Anza kwa kuangalia usingizi. Muguka humkesha mtu, humkata hamu ya chakula na kumfanya mwingi wa maneno, na kijana aliyekesha nao hutafuta kitu cha kumtuliza ili alale. Hapo ndipo bugizi inapoingia, na ndipo mambo mawili yaliyoonekana madogo yanapogeuka kuwa tatizo moja kubwa. Mfukoni mwa shati utakuta vipande vya majani laini, maganda ya njugu na chingamu. Aliyemeza bugizi huyumba na kuwa na ulimi mzito kama mlevi, lakini hanuki pombe, na kesho yake hakumbuki alichofanya. Akikwambia hakumbuki, usikimbilie kumwita mwongo, maana vidonge hivyo hufuta kumbukumbu kweli. Unga nao haujaondoka: ukiona karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara yenye mchirizi mweusi wa kuungua, na kijana mwenyewe anajikuna huku akisinzia, mboni zake zikiwa ndogo mno, ujue unga umeshaingia nyumbani.

Ukishaona dalili, subiri awe na akili zake, umwite pembeni, mbali na wadogo zake, kisha useme ulichokiona na si ulichokisikia kwa jirani: “Mwanangu, usiku wa tatu huu hulali. Nieleze, sitakupiga.” Kisha utimize ahadi hiyo. Nawasihi wazazi katika hili, kwani kijana aliyepigwa siku ya kwanza aliposema ukweli hatausema tena, na maskani ya wenzake wanaotumia itampokea bila maswali.

Kosa la hatari zaidi ni kumfungia chumbani “aache mwenyewe”. Aliyezoea bugizi kwa muda mrefu akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo daktari ndiye anayepaswa kumpunguzia kidogo kidogo. Arosto ya unga, yaani mateso ya kuukosa, humtesa kwa maumivu, kutapika na kuharisha, na hiyo pia inahitaji uangalizi. Dua na kisomo viendelee, lakini visicheleweshe safari ya hospitali. Piga 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au uende kwa mashirika ya hapa Mombasa yaliyowahudumia waraibu kwa miaka mingi, kama vile MEWA na Reachout. Uliza mapema kuhusu tiba inayofaa, kwa sababu methadone, dawa ya kumwachisha mtu unga, ni ya waraibu wa unga na jamii yake, wala haitibu muguka au bugizi.

Siku za kurudi nyumbani kutoka matibabuni zinahitaji macho zaidi kuliko zile za kwenda. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga huwa umepoteza uzoefu wake, na kipimo alichokuwa akikitumia zamani kinaweza kumsimamisha pumzi, hasa akikichanganya na pombe au vidonge. Wafundishe ndugu zake mapema: wakimkuta hazinduki, midomo imegeuka rangi na anakoroma kwa pumzi chache zinazokuja kwa kuachana sana, wamlaze ubavu, wasimwache peke yake, wamkimbize hospitali, na wamweleze daktari bila kuficha alichotumia.