Kuhamisha hazina za Git kutoka seva ya ofisini hadi kwenye wingu

Mimi huanza na hazina za msimbo, yaani mahali ambapo Git, mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya msimbo, huutunza pamoja na historia yake, kwa sababu kila mtambo mwingine huzitegemea. Tumia git clone --mirror kunakili hazina nzima, kisha git push --mirror kuisukuma hadi kwenye wingu. Matawi (mikondo ya kazi) na lebo (alama za matoleo) zote huhama na historia yake. Ila kabla ya kusukuma, saka mafaili makubwa: GitHub, huduma ya wingu ya kuhifadhi hazina za Git, hukataa faili linalozidi MB 100, hata lililofutwa zamani, maadamu bado limo kwenye historia. Yahamishie Git LFS, nyongeza ya Git inayotunza mafaili makubwa kando, kwa git lfs migrate import --everything --above=100MB. Amri hiyo huandika historia upya, kwa hiyo wenzako wote wapakue nakala mpya. Nywila na funguo usizibebe, tengeneza nyingine. Seva ya zamani iache isomeke tu, isipokee mabadiliko yoyote.