Sindano ya kupunguza uzito: mara ngapi, siku gani, na ukisahau ufanye nini

Kabla ya kuuliza mara ngapi, soma jina la dawa kwenye boksi, kwa sababu kalamu za sindano hizi zinafanana kwa umbo lakini hazifuati ratiba moja. Semaglutidi, inayouzwa kwa majina ya Wegovy na Ozempic (hii ya pili iliidhinishwa kwa ajili ya kisukari, ingawa wengi wanaitumia kwa unene), hudungwa mara moja kwa wiki. Tirzepatidi, yaani Mounjaro au Zepbound, nayo ni mara moja kwa wiki, lakini liraglutidi inayoitwa Saxenda hudungwa kila siku. Tofauti inatokana na muda ambao dawa hukaa mwilini: semaglutidi huchukua takriban siku 7 kupungua kwa nusu, tirzepatidi siku 5 hivi, ilhali liraglutidi huchukua saa 13 tu.

Kwa hiyo anayejidunga dawa ya wiki mara mbili katika wiki moja hakondi upesi zaidi, bali anarundika dawa juu ya dawa ambayo bado haijatoka. Mama mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ninayemfahamu alijidunga siku ya posho (Jumamosi), akarudia siku ya tatu (Jumatano), ili gauni la harusi ya mdogo wake limtoshe. Siku ya harusi alikuwa kitandani na beseni pembeni, akitapika hata maji, na gauni lilibaki limetundikwa mlangoni.

Chagua siku moja ya wiki na uishike. Saa yoyote inafaa, na haidhuru kama umekula bukari (ugali) au hujala. Hapa Lubumbashi nashauri siku hiyo iandikwe kwa tarehe kwenye kalenda, si kwa jina peke yake, maana karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam au Nairobi ikisema Jumatatu, wapo kwetu wanaofikiria siku ya tatu, ambayo kwao kule ni Jumatano. Baada ya kujidunga, weka alama papo hapo, kisha andika mahali ulipodunga: tumbo, paja au sehemu ya juu ya mkono. Wiki inayofuata usirudie palepale.

Kipimo huanza kidogo, nacho hupandishwa na daktari. Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki 4, halafu 0.5, 1, 1.7 hadi 2.4, kila ngazi ikichukua wiki 4. Tirzepatidi huanza na miligramu 2.5 kwa wiki 4, ikaingia 5, na kama inahitajika huongezwa 2.5 baada ya kila wiki 4 au zaidi, isipite 15. Saxenda huanza na miligramu 0.6 kwa siku, ikiongezwa kiasi hichohicho kila wiki hadi 3. Ngazi hizi zipo ili tumbo lizoee, na kichefuchefu kikizidi, daktari anaweza kukuacha ulipo kwa muda.

Ukisahau, hesabu kwanza. Kwa Wegovy, ikiwa zimebaki zaidi ya saa 48 kabla ya siku yako inayofuata, jidunge mara ukumbukapo. Zikiwa pungufu, iache hiyo iende. Kwa Ozempic unaruhusiwa ndani ya siku 5 tangu siku uliyoikosa, na kwa tirzepatidi ndani ya siku 4. Kwa Saxenda, endelea kesho yake na kipimo chako cha kawaida. Kamwe usidunge dozi mbili kufidia moja. Ukitaka kuhamisha siku, kati ya dozi mbili zipite angalau siku 2 kwa semaglutidi, au 3 kwa tirzepatidi. Aliyekosa Saxenda kwa zaidi ya siku 3, au dawa ya wiki mara mbili mfululizo au zaidi, amwone daktari kabla ya kuendelea, kwani huenda akalazimika kuanza upya na kipimo cha chini.

Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni hayangoji dozi inayofuata: acha dawa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye mimba asitumie dawa hizi, na anayetaka kushika mimba aache semaglutidi miezi 2 kabla.

Linabaki suala la umeme. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye frigo, kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika, Wegovy huvumilia hadi siku 28 nje ikiwa joto halizidi nyuzi 30, na kalamu ya dozi moja ya Mounjaro siku 21. Lakini mwezi wa kumi, joto la mchana hapa linapopita nyuzi 30, iweke kwenye kikasha cha baridi, ukiifunga kitambaa ili isigusane na barafu, kwani dawa iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka na kuonekana safi.