Kabla hujatoa hela ya oili ya pikipiki, geuza chupa usome nyuma

Wengi wetu tukifika duka la spea tunasema tu "nipe oili ya pikipiki", muuzaji anatoa iliyo karibu na mkono wake, tunalipa tunasepa. Injini inaanza kufa taratibu hapo, na kama chombo ni cha mkataba bosi hataki kujua, hesabu yake iko palepale.

Kitu cha kwanza tafuta maandishi JASO MA au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani kwa ajili ya pikipiki, kwa sababu Boxer, TVS na hizi zote za klachi ya mkono zina oili moja inayolainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja, yaani zile pleti za klachi zinaogelea humohumo. Sasa oili nyingi za gari za kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari itumie mafuta kidogo, ikigusa pleti zako klachi inaanza kuteleza, una abiria nyuma na kilima mbele, unapiga resi injini inalia chombo hakipandi, fundi anakwambia klachi imeisha unanunua mpya kumbe shida ni oili. Ukiona haijaandikwa MA rudisha, hata kama ni ya bei kubwa.

Afu namba. 20W-50 sio jina la kampuni jamani. Ile yenye W inaonyesha oili inavyotembea ikiwa ya baridi, ya mwisho ni uzito wake ikishapata moto. Kwa joto la Dar na foleni za kutwa nzima Boxer inakaa vizuri na 20W-50, ila kama kitabu cha pikipiki yako kimesema 10W-30 weka hiyo, usiweke nzito kisa mwenzako wa kijiweni anaweka. Na ile ya tu-stroki ya misumeno ya mbao isiingie kabisa kwenye injini ya boda.

Feki ndo imeniuma mimi. Niliwahi kuokota ya bei rahisi kibandani, chupa safi, stika inang'aa, siku ya nne nachomoa stiki ya kupimia, oili nyeusi tii, nikiisugua kwenye vidole ni kama maji, haina utelezi wowote, na injini ishaanza kugonga. Siku hizi naangalia pete ya kizibo kama haijakatika, sili ya ndani ipo, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na tarehe ya kutengenezwa iwe imepigwa kwenye chupa yenyewe. Nanunua duka moja tu, wananijua.

Ujazo fuata kitabu, nyingi zinachukua kama lita moja au zaidi kidogo. Mwaga injini ikiwa na uvuguvugu oili chafu itoke yote, ukishajaza washa dakika chache, zima, subiri itulie ndo upime, na pikipiki iwe wima sio imelalia stendi ya pembeni.

Na chupa tupu usimwachie mtu ikiwa nzima, hata fundi. Itoboe kwa bisibisi chini na ubavuni kabla hujaondoka, maana hizohizo ndo zinajazwa oili chafu iliyochujwa na kurudishwa sokoni.