Mwaridi Wenye Kiu Hautibiwi kwa Mbolea

Katika bustani za nyumbani ninazozitembelea Arusha na Lushoto, kosa ni lile lile kila kinapofika kiangazi cha Januari na Februari. Majani ya miwaridi yanaanza kukauka pembezoni, matumba yanadondoka kabla ya kuchanua, na mwenye bustani, akiamini kwamba mmea una njaa, anaongeza mbolea. Wiki mbili baadaye anaongeza tena. Mmea ulikuwa na kiu tangu mwanzo, na sasa umetiwa chumvi juu ya kiu hiyo.

Mbolea ya viwandani kwa kiasi kikubwa ni chumvi. Inapoyeyuka katika maji machache, udongo unakuwa mkali kiasi kwamba mizizi inashindwa kuvuta maji, na hali ikizidi, maji yaliyomo ndani ya mizizi yenyewe hutoka na kurudi udongoni. Ndiyo maana ukingo wa jani unaungua kama uliopitishwa motoni, na ndiyo maana mfuko wa pili wa mbolea huumaliza mmea ambao mfuko wa kwanza uliujeruhi tu.

Wengi hunijibu kwamba wanamwagilia kila jioni. Wanachokifanya ni kupitisha mpira wa maji juu ya majani kwa nusu dakika na kuondoka udongo ukiwa umebadilika rangi. Lita moja ikimwagwa kwenye mita moja ya mraba ni milimita moja tu ya maji. Lita mbili au tatu za jioni hulowesha sentimita chache za juu, ambazo jua la kesho yake huzikausha, ilhali mizizi inapaswa kufika sentimita 30 hadi 40 chini. Mizizi hufuata maji, kwa hiyo mwaridi unaonyweshwa juu juu huotesha mizizi ya juu juu, mahali pale pale panapowekwa mbolea. Zaidi ya hayo, jani lililoloweshwa jioni hubaki na unyevu usiku kucha, na ukungu wa madoa meusi unahitaji takribani saa saba tu za unyevu ili upenye.

Kabla hujagusa mbolea, chukua kipande cha nondo nyembamba ukichomeke udongoni, sentimita 20 kutoka kwenye shina. Katika udongo uliolowa kitashuka bila shida, na kikifika penye ukavu kitagoma. Kikigoma kabla ya sentimita 25, tatizo lako ni maji, na ninakuomba uurudishe mfuko stoo.

Tengeneza kisahani cha udongo chenye upana wa sentimita 60 kuzunguka shina. Mwaridi uliokomaa upewe lita 15 kwa mara moja, asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa mikupuo miwili ili maji ya kwanza yazame kabla ya kumwaga ya pili. Wakati wa joto fanya hivyo mara mbili kwa wiki; katika baridi ya Juni hadi Agosti mara moja inatosha; masika usimwagilie isipokuwa mvua ikikatika kwa zaidi ya wiki. Kwenye udongo wa kichanga gawanya kiasi hicho cha wiki kwa mara tatu. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, zisiguse shina.

Mbolea huja baada ya hapo, na mpangilio wake ni wa siku mbili. Siku ya kwanza mwagilia lita 15. Asubuhi ya pili pima gramu 30 za NPK 17:17:17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), ambazo ni kama vizibo sita vya soda vilivyosawazishwa juu, si konzi ya mkono. Konzi ya mtu mzima inaweza kuwa mara mbili ya kipimo hicho. Nyunyiza kwa mduara kati ya sentimita 15 na 30 kutoka kwenye shina, changanya na udongo kwa kina cha sentimita 2 au 3, kisha mwagilia lita 10 papo hapo. Siyo jioni wala kesho.

Anza machipukizi yanapofikia sentimita 5 baada ya kupogoa, na urudie kila baada ya wiki tano au sita. Mwezi Juni na Julai pumzika, kwa kuwa mmea unaokua taratibu hauitumii. Samadi ya kuku ambayo haijaoza vizuri inaunguza vilevile, na haihesabiki kuwa salama kwa sababu tu ni ya asili.

Ikiwa umeshazidisha, ondoa mbolea inayoonekana juu, mwaga lita 40 kwa siku moja katika mikupuo minne, kisha usiweke mbolea kwa wiki sita. Chipukizi jipya lenye wekundu na majani yasiyoungua litakuonyesha kwamba mizizi imepona.