Namna ya Kuchunguza Mahame Bila Kuchimba: Mwongozo kutoka Tongoni, Tanga

Tongoni iko kilomita zipatazo 17 kusini mwa jiji la Tanga, upande wa barabara iendayo Pangani. Wengi wanaofika hapo hutazama msikiti uliobomoka na makaburi ya mawe ya matumbawe, ambayo yanazidi 40, kisha wakapiga picha na kuondoka. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au mwenyeji anayetaka kuyachunguza mahame kwa utaratibu wa akiolojia bila kugusa jembe wala sululu. Kuchimba ni kazi ya wenye kibali kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na katazo hilo lina haki yake, kwani tabaka la udongo likishavurugwa halirudi lilivyokuwa, na aliyelivuruga amewanyima wote watakaokuja baada yake.

Anza na ruhusa. Nenda kwa uongozi wa kijiji, kwa msimamizi wa magofu na kwa imamu, ueleze unachotaka kufanya na matokeo yatakwenda wapi. Usiyachukulie makaburi hayo kuwa mawe tu. Watu huja kuzuru na kufukiza ubani, na mtafiti anayekanyaga kaburi ili apate picha nzuri hastahili kusaidiwa na mtu yeyote hapo.

Vifaa ni vichache: dira, futikamba, kamba, vigingi vinne, daftari, penseli na simu yenye kamera. Pima mraba wa kazi kwa kamba, na ili pembe iwe ya nyuzi 90 kamili, weka mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha hakikisha ulalo unaoziunganisha ncha hizo una mita 5. Gawanya eneo katika miraba midogo na uipe kila mmoja namba. Kila picha iwe na kipimo na mshale wa kaskazini. Dira itakufunza jambo mapema: kutoka Tanga, Makka iko karibu kaskazini kabisa, hivyo mihrabu huelekea huko, nayo makaburi hulala mashariki-magharibi, maiti akilazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso ukielekea kibla. Kaburi linaloacha mpangilio huo liandikwe kwa uangalifu zaidi.

Sasa tembea. Watu wajipange mstari mmoja, mita chache kati yao, waende polepole macho yakiwa chini. Wakati mzuri ni baada ya mvua kuosha udongo na kabla majani hayajafunika ardhi. Kila kigae (kipande cha chombo kilichovunjika), shanga au kipande cha chuma kiandikwe pale pale kilipo, kipigwe picha, kisha kiachwe. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kigae kilichotiwa mfukoni bila kuandikwa mahali pake kimepoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake, hata kikiwa kizuri namna gani.

Wageni wa kazi hii hukimbilia vipande vya kauri ya China. Vina faida, kwa kuwa vyombo vya rangi ya buluu na nyeupe vya enzi ya Ming, iliyodumu kuanzia mwaka 1368 hadi 1644, hutambulika kwa urahisi. Lakini bakuli la thamani huweza kurithishwa vizazi kadhaa kabla ya kuvunjika au kupachikwa kwenye kaburi, kwa hiyo linakuambia tu kwamba kaburi halikujengwa kabla ya bakuli kutengenezwa. Halikuambii lilijengwa muda gani baadaye. Kwa maoni yangu, vigae vya vyungu vya kienyeji husema mengi zaidi juu ya wenyeji. Tazama ukingo wa chungu, ambao hukuwezesha kukadiria upana wa mdomo wake. Tazama masizi, maana chungu cha kupikia huyabeba kwenye kitako ilhali mtungi wa maji hauna. Tazama nakshi, kwa sababu vyungu vyenye mikato ya pembetatu shingoni vilienea mwambao huu takriban kati ya karne ya 7 na ya 10, yaani karne nyingi kabla ya msikiti na makaburi ya Tongoni, ambayo hukadiriwa kuwa ya karne ya 14 na 15. Ukimpata mama mfinyanzi, mwombe akuruhusu kumtazama akifanya kazi, kwani alama za vidole na za uchomaji utazielewa upesi zaidi mbele yake kuliko vitabuni.

Matabaka nayo huonekana bila kuchimba. Maji yakipwa, fuata ufuo na utafute ukingo uliomegwa na bahari. Tabaka la chini kwa kawaida ni la kale kuliko la juu, isipokuwa pale ambapo kaburi, kisima, mizizi au mashimo ya kaa yameshusha vitu vipya. Chora ukingo huo, upime unene wa kila tabaka na uandike rangi ya udongo.

Mwisho, kaa na wazee. Toa shikamoo, eleza nia, na uulize maswali yaliyo wazi. Ukimwuliza mzee, «Je, hapa palijengwa na Washirazi?», huenda akakubali kwa adabu tu, mwulize badala yake, «Mlisimuliwa nini kuhusu hapa, na nani alikusimulia?» Andika maneno yake kama alivyoyasema, mahali pamoja, na maoni yako uyaandike mahali pengine. Usikimbilie kuamua kwamba masimulizi ni kweli au uongo. Yaweke kando ya vigae na kando ya maandishi ya Wareno, ambao safari ya Vasco da Gama iliwapitisha Mtangata, jina la kale la eneo hili la Tongoni, mwaka 1498 na tena 1499, kisha uandike yanapopatana na yanapotofautiana.

Tengeneza nakala tatu za daftari na picha: moja ibaki kwa uongozi wa kijiji, moja ipelekwe kwa wasimamizi wa mambo ya kale, na moja uihifadhi wewe, kila ukurasa ukiwa na tarehe na jina la aliyeandika.